Spika ya Kalenga

Juzi kanisani mashine ya spika iliungua katikati ya matangazo. Hapakuwa na moto, ila moshi mwembamba tu, na harufu ya vumbi lililopata joto pamoja na nta inayoyeyuka. Vijana wa kwaya wakakimbilia nyaya. Mchungaji akaendelea kutangaza kwa sauti yake mwenyewe, ambayo haifiki hata benchi la tatu. Mimi nilishika benchi la mbele yangu kwa mikono miwili. Harufu ile naijua. Niliiacha utotoni, na sikuwa na haja nayo tena.

Ninyi wenzangu mliokulia Nchelenge au Kashikishi mnaikumbuka redio ya Kalenga. Wajukuu zangu nikiwasimulia kwamba mji wetu ulikuwa na redio ya biashara wakati wazazi wao bado hawajazaliwa, wananicheka. Wananiuliza kama ilikuwa na mnara. Nawaambia ndiyo, ilikuwa na mnara: nguzo ya mti iliyosimikwa mbele ya duka, na juu yake bomba la bati lenye mdomo mpana, limeelekezwa ziwani. Studio ilikuwa kaunta ya duka. Mtangazaji, fundi na mkurugenzi walikuwa mtu mmoja, naye alipokwenda chooni redio ilinyamaza.

Kalenga alitoka ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo. Siyo ile Kilwa ya pwani ya vitabuni; yetu ni ya samaki na mbu. Alifungua duka la chumvi, mafuta na vitambaa pale Kashikishi mitumbwi inapoegeshwa, akaleta na santuri ya kuzungusha kwa mkono ili watu wavutwe na nyimbo. Watu walivutwa kweli, wakasimama, wakacheza, wakaondoka bila kununua kitu. Ndipo alipoleta mashine ya kukuza sauti kutoka Katanga, pamoja na betri ya lori. Alikuwa pia na kile kiredio cha mviringo kilichofanana na sufuria, ambacho mkikumbuka kilikuwa kikinasa sauti ya Lusaka. Akaviunganisha vyote kwa nyaya, akaweka maikrofoni juu ya gunia la chumvi. Akagundua kwamba mtu anayengoja wimbo wa pili atasikiliza pia maneno mawili matatu juu ya sabuni.

Basi biashara ikaanza. Asubuhi alitangaza lori gani limefika kununua samaki na mashua gani inavuka. Kisha wimbo. Kisha sabuni. Wafanyabiashara wengine walimlipa awasifie nyavu zao na majembe yao, naye aliwasifia kwa moyo mmoja hata wale aliogombana nao. Alitangaza kwa Kiswahili, kwa kuwa wanunuzi wengi walikuwa watu wa ng'ambo, na sisi tuliokuwa tukisema Kibemba nyumbani tulikijua kile cha sokoni.

"Kashikishi, musikie! Musikie, batu ya samaki! Redio ya Kalenga inabasalimia bote, mukubwa na mutoto!"

Jumamosi alasiri palikuwa na salamu. Hicho ndicho kipindi kilichoujaza ufuko. Mtu mwenye ndugu Katanga alikwenda dukani na samaki wake au yai lake, akasema anamtafuta fulani, na Kalenga akalitaja jina hilo kwenye spika mara tatu. Wakati mwingine, baada ya majuma au miezi, barua ilikuja na mashua, naye akaisoma mbele ya watu wote. Tulijua nani amepata mtoto kule, nani ameoa mke wa pili na nani anaomba dagaa. Aibu haikuwa na mahali pa kujificha Jumamosi.

Baba yangu, Kabaso, alikuwa mmoja wa waliotafutwa. Alikwenda machimboni Katanga kutafuta pesa za nyavu mpya, akasema atakaa mvua mbili. Alipoondoka nilikuwa sijang'oa jino hata moja. Spika ilipoanza kumwita, meno yangu ya mbele yalikuwa yameanguka na mengine yameota. Alituachia mtumbwi wa mbao alioutengeneza mwenyewe, mzuri, mwepesi, usiovuja. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alivua nao, mama alikausha samaki kwa moshi na kuuza, tukaishi. Mtumbwi ule ndio uliokuwa sahani yetu. Mama alijua, na mimi sikujua, kwamba siku baba akithibitika amekufa, mtumbwi si wetu tena. Kwetu mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Kwa hiyo mama alimhitaji mumewe awe hai kwa sababu mbili, na nawaambieni ile ya kwanza, kwamba alimpenda, ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Nakumbuka siku aliponipeleka dukani mara ya kwanza. Alichagua samaki watatu, makobo wanene aliowakausha polepole mpaka ngozi ikawa rangi ya asali, akawafunga kwenye majani mabichi. Kalenga aliwanusa, akafumba macho, akasema, "Mama, hawa si ya kuuza. Hawa ni ya kuoa."

Mama hakucheka. "Baba Kalenga, sauti yako inafikaka Katanga?"

"Sauti yangu inafikaka kwa batu ya mashua. Batu ya mashua njo banafikaka Katanga. Banabeba maneno sawa banabeba samaki. Wewe sema, mama."

Mama akasema, naye akayarudia kwenye maikrofoni kwa Kiswahili chake, mtumbwi akiuita bwato. Nilikuwa nimechungulia nyuma ya mashine, nikaona taa zake ndogo zimeiva nyekundu ndani ya vioo, na vumbi juu yake linanuka. Niliamini baba amekaa mahali fulani ambako kuna mashine nyingine yenye taa kama zile, amewekea sikio.

"Kabaso, mutoto wa Kashikishi! Kabaso, fasi yote uko! Muke yako anakuita. Bwato yako inakungojea. Kabaso, rudia!"

Nguzo nzima ilitetemeka kwa jina la baba. Kunguru wakaruka. Mama aliinama akatazama miguu yake, maana mwanamke kutaja mume wake hadharani hivyo lilikuwa jambo la kuchekwa, na kweli wapo waliocheka. Jumamosi iliyofuata alikwenda tena. Akaenda kila Jumamosi, na kila mara na makobo watatu walio bora, mpaka mjomba akamwambia kwamba Kalenga ananenepa kwa jina la Kabaso.

Siku moja mjomba alinichukua kwenye mtumbwi kutega nyavu. Nilitaka kusikia jinsi sauti inavyokwenda ziwani. Tulipopita yale matete ya mwisho spika ilikuwa ndogo kama nyuki, na kabla hatujafika kwenye nyavu za kwanza haikuwepo kabisa. Nilisikia maji tu. Mtoto mwenye akili angelia. Mimi nilifikiri, nikaamua kwamba sauti imepanda juu, inapita juu ya vichwa vyetu sisi tusioitwa, na itashuka Katanga kwa mwenyewe. Sikumwambia mtu. Nilijiona nimegundua jambo ambalo hata Kalenga halijui.

Kisha barua ikaja.

Tulikuwa tumekaa mchangani na watu wengine, mama akichambua dagaa, bila kusikiliza sana. Kalenga alisoma za wenzetu wawili. Kisha akakohoa, sauti ikabadilika, akawa kama anasoma Injili.

"Mi Kabaso, ninasalimia muke yangu, mama Mwansa, na mutoto yangu Mwansa. Nimesikia mwito yenu. Niko muzima. Bwato isiuzwe. Mvua ikiisha, minakuya."

Dagaa walimwagika wote. Wanawake walimnyanyua mama, wakapiga vigelegele, na wale waliokuwa wakimcheka wakapiga zaidi ya wengine. Kalenga akaisoma barua mara ya pili bila malipo. Mimi nilikuwa nimefurahi kama wote, ila kulikuwa na jambo moja. Baba hakuwahi kuniita Mwansa. Tangu nizaliwe aliniita Kanono, yaani kadogo, na watu wa nyumbani wote walijua. Jioni ile tukila nilimwuliza mama kwa nini baba amesahau.

Mama aliniwekea kidole mdomoni, kwa nguvu kidogo. "Unataka akuite Kanono mbele ya mji mzima?"

Nikaona ni kweli. Kanisani pia mtu huitwa jina lake la ubatizo. Kwenye spika baba alikuwa amevaa maneno yake mazuri. Nilijieleza hivyo nikalala vizuri, na mpaka leo sijajisamehe usingizi ule, ingawa najua mtoto wa umri wangu asingeweza kubadili lolote.

Mvua ile ilikuwa ndefu. Mama alikandika nyumba upya. Alimwambia mjomba apake mtumbwi lami, na mjomba akaupaka huku ananung'unika kwamba anampambia mwenzake. Mama alinunua kitenge, akakiweka kwenye sanduku, akawa anakitoa na kukirudisha. Alianza kuimba asubuhi. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba nje ya kanisa, na hakuwa na sauti nzuri.

Mvua ilipokatika Kalenga alitangaza kwamba mashua ya kutoka Kilwa itafika Jumamosi, na Kabaso yumo. Mtu wa mashua iliyotangulia alikuwa ameleta habari hiyo. Mama akaenda dukani mara ya mwisho. Safari hii hakupeleka samaki watatu, alipeleka kikapu. Alitaka mashua itakapogusa mchanga Kalenga amkaribishe mumewe kwa spika, apige na wimbo wa gita ambao baba alikuwa akiupenda.

"Nitafanya," Kalenga alisema. "Nitafanya mpaka bamulungu baamuke." Mama alimkaripia kwa kumtaja Mungu kwa wingi, naye akacheka, akasema basi mpaka malaika waamke.

Jumamosi ile jua lilikuwa kali na ziwa limetulia. Ufuko wote ulijaa. Mama alikuwa amevaa kile kitenge. Aliingia majini mpaka magotini, kitenge kipya kikalowa, na hakujali. Mashua ikaja, ikapunguza, ikagusa. Walishuka wanawake wenye mabeseni, akashuka mzee mwenye mbuzi, akashuka kijana mmoja mrefu mwenye sanduku la bati kichwani. Kisha hakushuka mtu.

Kijana alisimama mbele ya mama. Ndevu zake zilikuwa ndio kwanza zinaota. Aliweka sanduku chini, akapiga magoti, akapiga makofi polepole kwa heshima, jinsi mtu anavyomsalimu mkubwa.

Mama hakumtazama usoni. Alitazama kiunoni. Kijana alikuwa amevaa mkanda mpana wa ngozi, wenye kifungo cha shaba kilichopinda upande mmoja. Mimi niliujua mkanda ule kuliko nilivyoujua uso wa baba, kwa sababu kimo changu kilikuwa kikiishia hapo.

"Mama," nikapaza sauti, "huyu ameiba mkanda wa baba!"

Wakubwa wote waliokuwa karibu walikuwa wameshaelewa. Mimi peke yangu ndiye niliyetaka mwizi akamatwe.

Ninyi wa kwetu hamhitaji maelezo, ila wajukuu wanahitaji. Mtu mzima akifa, jina lake haliachwi chini. Ukoo unamchagua mmoja, mara nyingi mtoto wa dada yake, wanamnywesha maji, wanamvika mkanda wa marehemu, na tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu. Anaitwa jina lile. Mke wa marehemu ni mke wake mpaka amwachilie, watoto ni watoto wake, na mtumbwi ni mtumbwi wake. Hakuna uongo ndani yake. Yule kijana alikuwa mtoto wa dada yake baba, aliyekulia hukohuko Katanga, na alikuwa Kabaso kwa haki yote.

"Mi njo Kabaso," alisema. "Mulikuwa munaniita. Batu ya mashua balisema, muke ya Kabaso anakuita kila juma, bwato inakungojea. Njo nimekuya." Kisha akamwona mama usoni, akasita. "Mama, hamukujua? Mujomba yangu, bwana yako, alikufaka muchimbo, hata salamu ya kwanza haiyafika. Tulitumaka mutu kuwaambia. Hakufikaka?"

Mtu huyo hakufika. Hatujamwona mpaka leo wala hatujui jina lake. Na kwa kuwa wao waliamini amefika, walipousikia mwito wa mama walidhani mjane wa ziwani anamwita mrithi aje achukue kilicho chake, kama inavyopasa. Walimsifu mama kwa kujua desturi. Miezi yote ile mama alikuwa akimwita mumewe aliyekwisha kuzikwa, na aliyelibeba jina akawa anaitika.

Mama alikaa chini, ndani ya maji, polepole. Hakulia bado.

Na hapohapo spika ikalia. Kalenga, kule dukani, alikuwa ameona mashua imegusa na watu wamemzunguka mama, na kutoka kwenye kaunta yake asingeweza kuona zaidi. "Kashikishi, musikie! Kabaso amefika! Mutoto wetu amerudia! Mama Mwansa, furahi! Kabaso, karibu kwako!" Kisha gita likaanza, lile alilolipenda baba, na sauti ilikuwa kubwa kuliko siku zote. Kijana alibaki amepiga magoti akisikiliza anavyokaribishwa. Wimbo ulipokwisha Kalenga akaurudia, maana alikuwa amelipwa kikapu kizima na alikuwa mtu mwenye shukrani. Mjomba ndiye aliyekimbia kwenda kung'oa waya.

Nitasema kilichoipata redio, maana wengine wenu mnasema iliharibiwa na mvua au ilizuiwa na serikali. Si kweli. Mama alipoweza kusimama alikwenda dukani na kuomba kifo cha mumewe kitangazwe, ili ufuko uliosikia karamu usikie na msiba. Kalenga alikuwa amekaa kwenye gunia lake la chumvi, uso umemshuka.

"Mama, mi nilisoma yenye iliandikwa," alisema. "Nilisoma tu yenye iliandikwa."

"Basi soma na hii."

"Hapa hatutangazaki kifo. Batu ya kuuza banakimbia. Nihurumie, mama." Alilia, na hakutangaza. Nilimchukia kwa miaka mingi. Sasa namwelewa, lakini kumwelewa hakujanisaidia kitu.

Baada ya hapo wanawake waliacha kupeleka salamu. Kila aliyekuwa amewahi kupata barua alirudi nyumbani akaitafakari upya, akijiuliza ni nani hasa aliyejibu. Wengine walikwenda Katanga wenyewe kuangalia, na wapo waliorudi wamevaa kaniki ya msiba. Jumamosi ufuko ukawa mtupu. Kalenga akabaki na sabuni, akizisifia kwa watu wanaopita bila kusimama, mpaka siku mashine ilipotoa moshi na ile harufu niliyowaambia. Hakuitengeneza. Alifunga duka, akavuka kurudi kwao, na nguzo ililiwa na mchwa.

Kabaso yule mpya alikuwa mtu mwema. Hilo nalo lilikuwa zito, kwa sababu hatukuwa na wa kumlaumu. Hakumtaka mama kwa nguvu. Siku ya pili wazee waliitwa, akamfunga mama ushanga mweupe kwenye kifundo cha mkono, kumwachilia aende zake. Akauchukua mtumbwi na nyavu. Mjomba alimkabidhi kasia, na mwaka ule mjomba akawa kibarua wa kubeba magunia. Sisi tulipewa mabeseni na chanja cha kukaushia samaki ambao hatukuwa nao tena. Mama aliamua tuhamie kwa ndugu zake Chienge. Tuliishi huko kwa kusaidiwa, na mama hakuimba tena, hata kanisani.

Lakini kabla hatujaondoka palikuwa na jambo moja la kumaliza. Wazee walisema mtoto amsalimu baba yake, amwite Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kibemba. Nililetwa mbele ya mkeka. Kijana alikuwa ameketi, mkanda kiunoni, mikono juu ya magoti, naona alikuwa anaogopa kama mimi. Niligoma. Nilisema huyu si yeye. Nilisema baba yangu ataitwa tena Jumamosi na atasikia, kwa sababu sauti inapita juu ya maji hata kama sisi hatuisikii, nimechunguza mwenyewe. Watu wazima waligeuza nyuso.

Mama alichuchumaa nyuma yangu, akaniwekea mikono mabegani. Nilihisi ule ushanga kwenye shingo yangu.

"Mwite," alisema.

"Mama, sitaki."

"Mwite, Kanono. Mimi nimemaliza kumwita. Umebaki wewe."

"Tata," nikasema.

"Eee, mwana wangu," yule kijana akaitika, upesi na kwa upole, na nikaangua kilio, kwa sababu sasa hapakuwa na mtu wa kumngojea tena.